Marahaba ya Gunia la Mkaa

Hapana, sijagongwa. Wala sijapotea, wala sijasahau kwangu ni wapi. Nakwambia mapema kwa sababu kila anayenikuta pale anaanza na hilohilo. "Bibi, umegongwa? Bibi, unamsubiri mtu? Bibi, tukuvushe?" Mnivushe niende wapi, na nyumba yangu iko upande huuhuu? Siku hizi nasimama pale kupumzisha magoti tu. Zamani ndiyo nilikuwa na kazi pale.

Pale ni kwenye ile njia ya pembeni ya barabara yetu hapa Chang'ombe ya Dodoma. Kabla ya lami palikuwa mchanga mtupu. Ukipita na baiskeli gurudumu linazama, unashuka, unasukuma, unasalimia watu. Haraka mtu angeitoa wapi, mchanga hauruhusu. Halafu barabara ikaja, na pembeni yake wakatupangia vitofali vyekundu, njia pana, safi, mtu unaona aibu kutema mate. Wakachora chini mtu mweupe anatembea, na mbele yake baiskeli nyeupe. Mimi shule sikwenda, lakini picha naisoma. Mtu peke yake, baiskeli peke yake. Nikamwambia mume wangu, "Huyu mpaka rangi, mwenye baiskeli kampeleka wapi?" Akacheka mpaka akafuta macho.

Ningejua nisingeuliza.

Siku ya mkutano alikuja mkubwa wa barabara kutuelekeza, shati limechomekwa, maneno yanatoka puani. "Kimsingi, wazazi wangu, njia hii ni ya pamoja. Mwenye miguu, kimsingi, ana haki. Mwenye baiskeli naye, kimsingi, ana haki. Kinachotakiwa, kimsingi, ni kupishana." Mpaka leo nikitaka kuwachekesha wanawake wa hapa kwenye maji nawaambia, "Kimsingi, ndoo yako imejaa." Basi mume wangu akanyoosha mkono. Mzee mzima, kofia mkononi. Akauliza, "Na kusalimiana je?"

Yule mkubwa akaangalia wenzake. "Kusalimiana, kimsingi... mtasalimiana huku mnaendelea."

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Nyumbani hakugusa hata uji. "Usalimie huku unaendelea! Hiyo ni salamu au ni kumtupia mtu ganda la muwa?"

Ujue sisi ni watu wa Kolo, Kondoa huko. Kwetu mtu akiwa juu ya baiskeli akamkuta aliyemzidi umri, anashuka. Miguu yote miwili chini, ndipo anatoa shikamoo. Na hapandi tena mpaka asikie marahaba. Kumwamkia mkubwa ukiwa juu ya tandiko ni kumchungulia utosi. Huyu mume wangu alifundishwa hilo na dada yake, wifi yangu, ndiye aliyemlea mama yao alipofariki. Alipopata baiskeli yake ya kwanza, kijana, kichwa kimejaa upepo, alimpita mjomba wao njiani akampungia mkono. Wifi akamrudisha. Akamrudisha mpaka alipokuwa yule mjomba, kilima chote kile, akashuke upya mbele yake. Wifi yangu ndiye huyo. Maneno yake ni kama kuni, anapasua, anaweka chini, hapambi.

Basi mume wangu alikuja na desturi hiyo mpaka mjini, na mjini haikumtoka. Alikuwa mchuuzi wa kuku wa kienyeji. Tenga nyuma ya baiskeli, kuku wanatoa vichwa kwenye matundu wanashangaa mji, yeye polepole mpaka Ipagala kwa wateja wake. Kwenye mchanga hakumsumbua mtu. Kwenye vitofali ikawa balaa. Anaona mzee, anashuka. Nyuma yake wanafunzi wanafunga breki, kina mama wenye beseni wanayumba, wale wa bodaboda walioingia njia isiyo yao wanapiga honi. Yeye kasimama. "Shikamoo." Anasubiri. Mzee mwenyewe masikio mazito, hajui kaamkiwa. "Shikamoo." Anasubiri.

Na uzee ule bado alikuwa anatafuta wa kumwamkia! Nikamwambia, "Wewe si ndio wa kuamkiwa sasa?" Akasema, "Wakubwa zangu wanaisha," kama mtu anavyosema chumvi inaisha.

Sasa mimi kalamu Mungu alininyima, akanipa koo. Mtu nikimsikia mara moja nimemchukua. Shehe wetu, mwenye mashine ya kusaga, mpangaji wangu mwanafunzi wa chuo anayeongea kama ameunguza ulimi, "Bibi, yaani, siriasi, yaani siwezi." Wote ninao. Na mume wangu ndiye niliyempata vizuri kuliko wote. Jioni wanawake wakikaa barazani kwangu kuchambua mchicha wananibembeleza, "Hebu mtoe mzee kwenye baiskeli." Basi nasimama, nashika usukani wa hewa, nashusha mguu mmoja, wa pili, nanyoosha mgongo. Halafu nakohoa kwanza. "Ahemu! Shikamooo." Sauti ya chini chini, imelala kidogo, mwisho inavutwa. Hapo kwenye "ahemu" ndipo walipokuwa wanashika ukuta kwa kucheka.

Yeye yupo palepale anashona tenga lake. Ananyanyua macho. "Mimi nakohoa saa ngapi, mke wangu?"

"Unakohoa kila siku. Hujisikii tu."

"Kweli mzee unakohoa!" wanawake wote wanadakia.

"Sikohoi."

"Ahemu! Sikohoi," namjibu kwa sauti yake. Vicheko. Mwisho akachoka kubisha, akawa anatabasamu tu na tenga lake.

Macho yake yalianza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, utatolewa. Alikuwa anaahirisha. Baiskeli inajua njia, alisema.

Asubuhi moja, msimu wa baridi, ule upepo wetu wa Dodoma unaokuja na vumbi unakupiga mpaka kwenye meno. Karibu na mchoro wa mtu mweupe na baiskeli yake kuna muuza mkaa. Alikuwa na gunia moja refu, limejazwa mpaka limefanya kichwa. Anataka kwenda kunywa chai, anaogopa wezi. Akalivalisha gunia koti lake, juu akaweka kofia, ili mwizi akitazama kwa mbali aseme kuna mtu kakaa. Akaenda chai.

Mume wangu akaja. Kwa macho yale akaona mzee kajikunyata pembeni ya njia, kavaa koti, kainama kwa baridi. Akashuka. Mguu mmoja, wa pili. Akaamkia. Gunia kimya. Akaamkia tena. Akasimama kusubiri, kwa sababu mzee mwenye baridi humharakishi. Nyuma yake anakuja mchukuzi wa mikate juu ya baiskeli na kreti kubwa, upepo unamsukuma mgongoni, vumbi usoni. Hakuona. Na hata angeona, nani angemwambia kwamba mbele kuna mtu kasimama katikati ya njia anasubiri marahaba ya gunia la mkaa?

Habari hiyo ilinikuta barazani. Niko napepeta mchele, namwona anakuja kwa miguu anaikokota baiskeli, gurudumu limepinda, tenga tupu, kuku wote wametawanyika. Paji la uso lina vumbi na kidonda kidogo, na anacheka. Akanieleza yote yeye mwenyewe: koti, kofia, mikate ilivyobiringika, kuku walivyoidonoa, yule wa mikate alivyolia kuliko yeye, "Mzee nisamehe, mzee nisamehe, mzee unamsalimia nani?"

Tulicheka mimi na yeye mpaka ungo ukaniponyoka. Nikamuuliza, "Sasa gunia limeitikia?"

Akasema, "Bado."

Ndilo neno lake nililobaki nalo. Mengine alisema, ndiyo, kwamba kichwa kinamuuma, kwamba nimpe maji, kwamba nifunge dirisha. Lakini hayo mtu yeyote anasema. Usiku akatapika. Tulimpeleka hospitali akiwa anaongea, tukarudi naye hasemi. Tukampeleka kwao Kolo, akazikwa pembeni ya mama yake, na wifi yangu akasimama pale hana chozi, akasema, "Mtoto wangu ametangulia," akaingia ndani kuwapikia watu.

Nilimaliza eda nikaanza tena kutoka nje. Na njia yangu ya kwenda sokoni ni ileile, sina nyingine. Nikafika pale. Gunia lilikuwepo jingine, halina koti. Muuza mkaa aliponiona akainamisha kichwa. Watu wanapita, kengele za baiskeli, ndoo, vitabu, upepo. Mimi nikasimama. Nikawa nawaza neno moja tu. Bado. Mtu aliyezoea kutopanda mpaka aitikiwe, akaondoka hajaitikiwa, si bado amesimama?

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Ahemu! Shikamooo."

Nikageuza sauti, nikaitikia kama wazee wa kwetu wanavyoitikia, kwa kifua. "Marahaba, mwanangu. Panda."

Nikajisikia mwepesi. Nikaenda sokoni nikanunua nyanya.

Kesho yake nikafanya tena. Na kesho yake. Nilikuwa najifunika khanga mpaka puani, kwa hiyo aliyekuja nyuma yangu anasikia sauti ya mzee, anatazama, anaona kibibi kimefunika uso na gunia la mkaa. Siku moja kijana mmoja wa chuo alifunga breki nyuma yangu akashuka kabisa. "Shikamoo, babu," akasema, anazungusha shingo. Hakuna babu. Akanitazama. Nikamtazama. Akapanda akaondoka amesimama kwenye pedeli.

Usinihukumu, nilicheka. Nilicheka njia nzima.

Haukupita muda mpangaji wangu akaja jikoni macho makubwa. "Bibi, yaani, usipite pale kwa muuza mkaa. Siriasi. Watu wanasema kuna babu anaamkia watu, haonekani."

"Siriasi?" namjibu kwa sauti yake.

"Bibi, usitanie! Yaani wenzangu wote wakifika pale wanashuka kwenye baiskeli."

Na kweli walikuwa wanashuka. Nilikwenda kujionea. Wanafunzi, mafundi, mabinti wa kazi, wakifika kwenye mchoro wa mtu mweupe wanashusha mguu mmoja, wa pili, wanasukuma taratibu, wanaangalia chini. Wengine wanatoa salamu kabisa, kwa gunia, kwa nguzo, kwa kila kitu, wasije wakamkosea. Bodaboda wakaacha kuchepuka kupita humo. Yule mkubwa wa barabara na kimsingi zake hakuliweza hilo. Mume wangu kaliweza akiwa kaburini, nikasema moyoni, na nikaona fahari. Kumbe kuna mahali hapa mjini watu wanashuka kama Kolo.

Halafu nikaumwa jino.

Shavu lilivimba upande mmoja, kinywa hakifunguki. Nilifunga kichwa kwa kitambaa kupitia kidevuni nikaenda kutafuta dawa. Nikafika pale. Upepo ule wa vumbi ulikuwa umerudi, mwaka umezunguka. Sikuwa na nia ya kufanya lolote, kinywa chenyewe kimefungwa na kitambaa.

Nyuma yangu, karibu na sikio, mtu akakohoa. "Ahemu." Halafu ile sauti ya chini, imelala kidogo. "Shikamooo."

Sikugeuka. Mtu unayemjua huhitaji kumgeukia. Nilisikia na tairi linavyokwaruza kitofali, na kuku wakisogeasogea tengani. Nikataka kuitikia, kinywa hakifunguki. Nikasimama pale machozi yanalowesha kitambaa, na yeye nyuma yangu anasubiri. Muuza mkaa ndiye aliyenishika mkono. "Bibi, umegongwa?"

Unaona hilo swali lilipoanzia.

Kuanzia hapo hakukaa tena njiani tu. Nikiwa nakoroga ugali, anakohoa uani. Nikiwa naswali msikitini, anakohoa upande wa wanaume. Nilimwendea shehe, akaniambia kwa ile sauti yake ya asali, "Maiti, bibi yangu, hasubiri salamu, anasubiri dua." Nikaomba dua. Akakohoa katikati ya dua.

Nikaelewa ninavyoelewa mimi. Marahaba yangu haimfikii. Nitamwitikiaje mume wangu mimi, mdogo wake? Nilikuwa nampa marahaba ya kuigiza, na yeye anaijua, aliishi nayo barazani maisha yake yote. Anataka ya mkubwa wake kweli. Na wakubwa zake walikwisha wote, amebaki dada yake.

Nikamwomba mpangaji anipigie simu Kolo. Nilimweleza wifi yote. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nakuja."

Nikwambie na jambo jingine, maana usipolijua hutaelewa. Usiku kabla hajafika sikulala. Nilimtaka aje, na nilitaka basi lake liharibike. Kwa sababu akimwitikia, mume wangu atapanda baiskeli yake aende. Ndilo nililokuwa naliomba. Lakini akienda, mimi nabaki na nini? Picha ninayo, picha haisemi. Simu zake hakuna aliyezirekodi. Sauti yake ilikuwa imebaki kwenye koo langu na pale kwenye vitofali, basi.

Wifi alifika na fimbo na mfuko wa karanga. Hakutaka chai. "Ni wapi?" Tukaenda mimi na yeye, polepole, amenishika bega, maana macho yake pia ni ya ukoo ule. Nikamwonyesha mtu mweupe na baiskeli nyeupe. Akagusa mchoro na fimbo.

"Alisimama hapa?"

"Hapa."

"Anamsalimia nani?"

"Gunia."

Mdomo wake ukacheza kidogo. "Ndivyo nilivyomfundisha."

Tukasimama. Watu wanafika pale wanashuka kwenye baiskeli, wanatuamkia, wifi anawaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, kwa sauti nene kama mlango wa mti. Kila akisema, naisikia inavyojaa ile njia. Hiyo ndiyo yenyewe, nikasema. Sasa njoo, mume wangu, mkubwa wako huyu hapa. Njoo.

Hakuja. Siku zote anakuja bila kuitwa, siku hiyo kimya. Jua likapanda. Wifi akahamisha fimbo mkono huu, akahamisha mkono ule. "Nimesimama sana, wifi," akasema.

Niliogopa atakwenda. Nikasema moyoni, labda ana aibu, nimtangulizie. Nikajifunika khanga mpaka puani. Nikashusha mguu mmoja, wa pili. Nikanyoosha mgongo. Na nikamtoa, sijawahi kumtoa vile, hata barazani kwa vicheko vyote vile sikuwahi. Muuza mkaa aliacha kupima. Binti mmoja mwenye baiskeli alishika kifua.

"Ahemu! Shikamooo, dada."

Wifi yangu aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho wa ule mvuto. Nilikuwa namtazama mdomo, nasubiri lile neno. Na kabla sijakwambia alichosema, jua kwamba tangu siku ile sijasikia kitu. Si njiani, si uani, si kwenye swala. Wanawake wakinibembeleza nimtoe mzee, najaribu nakuta namtoa mtu nisiyemjua. Nakaa najiuliza sauti yake ilikuwaje, ile ya kweli, aliyokuwa ananisemesha nayo kila jioni mimi nikiwa nacheka, na siipati. Pale kwenye vitofali watu siku hizi wanapita tu, wanapiga kengele, hakuna anayeshuka.

Wifi alinyanyua fimbo yake, akanigeukia.

"Huyo siye," akasema. "Ndugu yangu alikuwa hakohoi."